Jua Huivisha Zabibu, Jua Huua Chupa

Septemba iliyopita shemeji yangu, fundi wa mitambo katika mgodi mmoja wa Geita, aliwaalika wazee wa ukoo wetu nyumbani kwake kwa mara ya kwanza tangu amuoe dada yangu. Ili kuwapa heshima alinunua chupa tatu za mvinyo mweupe wa Chardonnay kutoka Afrika Kusini. Zilikuwa zimepangwa dirishani mwa duka, zikimetameta juani.

Mvinyo ulipomiminwa ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mjomba alionja, akaiweka bilauri chini taratibu. "Mkwe wetu," alisema kwa upole, "hii ni juisi iliyosahauliwa juani." Shemeji aliinamisha kichwa. Fedha za siku nyingi za kazi zilikuwa zimemwagika hivi hivi.

Mjomba alisema kweli bila kujua. Tuanze na zabibu yenyewe. Chardonnay asili yake ni Burgundy, Ufaransa. Haina harufu kali ya kuzaliwa nayo. Hufuata tabia ya mahali inapokua na mkono wa anayeitengeneza. Kwenye baridi, kama kule Chablis, hubaki na uchachu mwingi na ladha ya limau na tufaha bichi.

Kwenye joto, kama bonde la Robertson huko Afrika Kusini, mambo hugeuka. Sisi tuliokulia chini ya miembe tunajua jambo hili: embe bichi ni chachu, na kadiri linavyoiva uchachu hupungua na sukari huongezeka. Zabibu nayo ni hivyo hivyo. Hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi, ndiyo maana mvinyo wa nchi za joto huweza kufika asilimia 14, wakati bia nyingi zina kama asilimia 5. Ladha yake ni ya embe, nanasi na pichi, na huwa mzito kidogo mdomoni.

Ukikuta harufu ya vanila au mkate uliobanikwa, hiyo inatokana na pipa la mti wa mwaloni. Ukikuta ladha ya siagi, ni kazi ya bakteria wanaogeuza asidi kali, ile ya tufaha, kuwa asidi laini, ile iliyomo katika mtindi.

Basi kwa nini mvinyo wa shemeji uliharibika? Kwa sababu joto linaloifaa zabibu mtini haliufai mvinyo chupani. Chupa ikikaa kwenye joto, mvinyo hutanuka na kukisukuma kizibo, hewa ikapenya. Rangi hugeuka kahawia, ladha ya tunda hufa, na mwanga wa jua nao huongeza madhara. Hata mvinyo wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na mweupe mwingi hutokana na zabibu ya Chenin Blanc, hauwezi kustahimili dirisha la namna hiyo.

Kwa hiyo, ukiwa Shinyanga, Kahama au Geita, usinunue chupa iliyoanikwa. Omba ile iliyokaa kivulini, ndani kabisa. Itazame: kizibo kisiwe kimechomoza, na rangi ya mvinyo iwe ya majani makavu au dhahabu, isiwe kahawia. Nyumbani iweke kwenye jokofu, kisha itoe robo saa kabla ya kunywa, maana baridi kali huficha ladha. Na kwa kuwa kilevi chake ni karibu mara tatu ya bia, mimina kidogo, na dereva asiguse.

Mwezi uliofuata shemeji alituita tena. Safari hii alinunua chupa moja tu, iliyotolewa stoo. Mjomba alionja, akanyamaza, kisha akasogeza bilauri yake aongezewe.