Ripoti Inayoamini Bado Inakwenda kwa Printa

Mwaka 1988 kampuni ya IBM ilitoa AS/400, kompyuta ya ukubwa wa kati kwa ajili ya mishahara, ankara na hesabu za ghala. Jina limebadilishwa mara kadhaa, na mfumo wake leo unaitwa IBM i, lakini programu nyingi za enzi zile zingali kazini, na kwazo ripoti ni karatasi tu, kwa kawaida herufi 132 kwa mstari na mistari 66 kwa ukurasa. Ofisi ikitaka ripoti hizo ziende kwa barua pepe, mara huambiwa programu ziandikwe upya. Ushauri huo ni ghali, na mara nyingi hauna haja.

Programu yenyewe haichapi. Inachotoa hukaa kwanza kwenye foleni kikingoja printa, na hapo ndipo pa kukidaka. Foleni inaweza kupangwa itoe taarifa fupi kila ripoti inapokuwa tayari: jina la ripoti, la mtumiaji, la kazi iliyoizalisha. Programu ndogo inayongojea taarifa hizo huichukua ripoti, huigeuza PDF na kuituma. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2008, amri ya mfumo wenyewe, CPYSPLF, huweza kutengeneza PDF, mradi nyongeza yake iwe imewekwa. Wapo wanaobana matumizi wakatuma maandishi matupu. Akifungua mhasibu, safu zimepinda na jumla imekaa chini ya tarakimu zisizo zake. Akiba gani hiyo?

Watasema barua pepe si salama. Ni kweli, ila hata karatasi iliyosahauliwa kwenye printa ya ukumbini husomwa na kila apitaye. Tofauti ni kwamba anwani moja iliyokosewa hupeleka mishahara ya watu wote nje ya ofisi, na hairudi. Hoja yenye uzito zaidi ni ya ukimya. Printa ikiishiwa karatasi mtu atalalamika, lakini barua iliyotupwa kwenye taka za barua pepe haimshtui yeyote. Kwa hiyo orodha ya anwani iwe na mwenyewe anayejulikana kwa jina, na kila ripoti iliyotumwa iandikwe kwenye kumbukumbu. Anzeni na ripoti moja isiyo ya siri, na printa msiizime kabla hesabu za mwezi hazijafungwa.