Umefanya apdeti, batani za menyu zimekufa: anzia hapa kabla hujamlipa fundi

Leo naongea na wale wenye tovuti zao wenyewe, hasa za WordPress na WooCommerce. Kama unauzia WhatsApp na Instagram tu, kuna sehemu huko chini inakuhusu na wewe, usikimbie.

Tatizo lenyewe ni hili. Jana duka lilikuwa linafanya kazi. Usiku programu imejisasisha yenyewe. Asubuhi ukurasa unafunguka vizuri, picha zipo, bei zipo, ila mteja akibonyeza vile vistari vitatu vya menyu hakuna kinachotokea. Anabonyeza tena. Kimya. Na wewe mwenye duka huoni kosa lolote, maana hakuna ujumbe wowote unaotokea. Mteja wa dukani angekuita "we kaka, vipi?" Wa mtandaoni anaondoka tu.

Mimi nauza vitu vya milimani kutoka hapa Lushoto: plamsi (wengine mnaziita matunda damu), peasi, asali na jamu. Wateja wangu wengi wako Dar na Tanga mjini. Desemba iliyopita, msimu umekolea, themu ya duka langu ilipata toleo jipya usiku wa Jumanne. Jumatano oda sifuri. Alhamisi asubuhi dada mmoja wa Kimara, mteja wa siku nyingi, akanitumia sauti: "Kaka, duka lako mbona limegoma? Nabonyeza menyu haifunguki, na mimi nataka zile plamsi za juzi." Nikamjibu, "Samahani sana dada, niandikie hapa hapa unataka kilo ngapi, nakuwekea." Wakati huo mama mmoja wa kule Magamba alikuwa ameshanichumia matenga matatu, na plamsi iliyoiva haisubiri mambo ya programu. Ikikaa siku tatu bila kupanda basi, hiyo ni ya jamu. Fundi niliyempigia alitaka 150,000/= na akasema ataangalia wiki ijayo.

Elimu yangu ni fomu foo na kompyuta nimejifunzia YouTube. Ila nilikuwa nimeshasoma kilichotokea mwaka 2020, ndiyo maana nilijua pa kuanzia. Hicho kisa kinafaa kila mwenye duka la mtandaoni akijue.

Tarehe 11 Agosti 2020 WordPress walitoa toleo la 5.5. Ndani ya WordPress kuna kitu kinaitwa jQuery, mkusanyiko wa misimbo ya JavaScript ambao John Resig aliutoa mwaka 2006. Kazi yake ni kurahisisha maagizo ya aina ya "mtu akibonyeza hapa, fungua pale". Kwa miaka kadhaa WordPress ilikuwa inakuja na jQuery 1.12.4, pamoja na msaidizi wake, jQuery Migrate. Huyu msaidizi ni kama mkalimani. Chukulia babu anaongea Kisambaa cha ndani kabisa, mjukuu amezaliwa Dar haelewi kitu, basi yupo mtu katikati anatafsiri. Plagini na themu za zamani ndiyo babu. Kuna maagizo kama "live" ambayo jQuery yenyewe iliyaondoa tangu toleo la 1.9 mwaka 2013, lakini watu waliendelea kuyatumia bila kujua, kwa sababu mkalimani alikuwepo.

Toleo la 5.5 likamwondoa mkalimani. Duniani kote menyu zikagoma, picha za kutelezesha zikaganda, hata batani za ndani kwa mwenye tovuti zikawa hazibonyezeki. WordPress wakatoa plagini ya dharura, Enable jQuery Migrate Helper, kumrudisha kwa muda. Tarehe 1 Septemba likaja 5.5.1 kupunguza sehemu ya matatizo, na tarehe 8 Desemba 2020 likaja 5.6 lenye jQuery 3.5.1 na mkalimani mpya. Cha kuchekesha, toleo hilo hilo la 5.5 ndilo lililoleta swichi ya kuruhusu plagini na themu zijisasishe zenyewe. Yaani mlango wa matatizo na ufunguo wake vilikuja siku moja.

Mambo ya 2020 yamepita, ila ugonjwa ni ule ule mpaka leo: kitu kimoja kimekuwa kipya, kingine kimebaki cha zamani, na havielewani tena.

Sasa tuje kwako. Kabla ya kugusa chochote, zuia damu isimwagike. Nenda ukurasa wa mwanzo, juu kabisa, andika linki za maandishi ya kawaida: Matunda, Asali, Jamu, Mawasiliano. Linki ya kawaida haihitaji JavaScript, inafanya kazi hata menyu ikiwa imekufa. Ongeza na linki ya WhatsApp, inaandikwa wa.me/255 halafu namba yako bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Mimi hili lilinichukua dakika kumi na oda ya kwanza ikaingia kabla sijajua hata ugonjwa ni nini. Na huu ndio ushauri wangu kwa mwenye Instagram tu: ukibadilisha jina la ukurasa au namba ya simu, ile linki ya kwenye wasifu wako inaweza kuwa imekufa bila wewe kujua. Ibonyeze mwenyewe, ukitumia simu ya mtu mwingine.

Halafu hakikisha kweli duka ndilo bovu. Muulize mteja anatumia brauza gani. Opera Mini ikiwa kwenye kubana sana data, kurasa zinapitia kwanza kwenye seva zao na JavaScript nyingi haifanyi kazi kama kawaida, kwa hiyo menyu inaweza kugoma kwake tu. Huku kwetu bando ni ghali na watu wa Opera Mini ni wengi, usiwadharau. Jaribu kwenye simu nyingine, na kwenye dirisha la faragha, lile lisilokumbuka mambo ya zamani. Kama kwenye dirisha la faragha menyu inafanya kazi, shida ni kache ya simu. Kama inagoma kote, safisha kache ya tovuti kwenye ile plagini yako ya kuongeza kasi, jaribu tena.

Bado? Angalia batani inagoma namna gani. Hapa watu wengi wanapoteza muda kwa sababu wanatibu ugonjwa ambao siyo wao.

Ukibonyeza ikakupeleka sehemu inayosema ukurasa haupatikani, batani ni nzima, anwani ndiyo zimevurugika. Ingia "Settings", halafu "Permalinks", usibadilishe kitu, bonyeza "Save Changes" tu. WordPress inaandika upya ramani ya anwani zake. Mara nyingi inaishia hapo.

Menyu yote ikiwa imepotea, haipo kabisa, themu huenda imebadilisha majina ya sehemu za kuwekea menyu. Ingia "Appearance", "Menus", kisha "Manage Locations", uichague upya.

Batani ipo, unabonyeza, kimya: hiyo ni JavaScript, na ndiyo iliyonipata mimi. Hapa unahitaji kompyuta. Kama huna, nenda steshenari yoyote mjini ukodi dakika chache, ila usiache nenosiri lako kwenye mashine ya watu. Fungua duka lako kwenye Chrome, bonyeza F12, chagua "Console", halafu upakie ukurasa upya. Utaona mistari mekundu. Usiogope Kiingereza chake. Tafuta maneno "is not a function" au "is not defined", halafu soma anwani ya faili iliyo pembeni. Ukiona "wp-content/plugins/", jina linalofuata baada ya hapo ndilo la plagini inayolalamika. Ukiona "wp-content/themes/", ni themu. Piga picha hiyo sehemu, hata ukiamua kumpa fundi utakuwa umempunguzia kazi, na bei yake unaijadili ukiwa na kitu mkononi.

Kwangu mstari mwekundu ulitaja plagini ya picha za kutelezesha ambayo mtengenezaji wake aliacha kuihudumia siku nyingi. Themu mpya, ili iwe nyepesi, ilikuwa imeacha kumpakia mkalimani. Sasa unaweza kujiuliza, picha za kutelezesha zinahusiana nini na menyu? Ni hivi. Plagini ya kuongeza kasi huwa inachukua faili nyingi za JavaScript na kuziunganisha kuwa moja. Kosa likitokea katikati ya faili, mara nyingi yanayofuata hayasomwi tena. Picha zilikuwa mbele, menyu ilikuwa nyuma yake. Gari moja likikwama kwenye kona za kupanda kutoka Mombo, na waliopo nyuma wamekwama, hata kama magari yao ni mazima. Nikazima ile plagini, nikasafisha kache, menyu ikafunguka. Matenga mawili yaliondoka na basi la Ijumaa asubuhi. La tatu likaingia kwenye jamu.

Kama mistari mekundu haikuambii kitu, kuna njia ya kuzima plagini kwa nusu nusu. Una plagini 16, zima 8. Menyu ikirudi, mbaya yumo kwenye zile 8 ulizozima. Isiporudi, yumo kwenye zilizobaki. Gawanya tena, 4, kisha 2, kisha 1. Ni majaribio manne badala ya kumi na sita. Usifanye hivi wateja wakiwa ndani ya duka. Weka plagini ya Health Check & Troubleshooting, ni ya bure kutoka WordPress.org, inakuruhusu kuzima vitu vikawa vimezimika kwako tu huku wateja wanaona duka kama kawaida. Na kabla ya yote haya, chukua nakala ya akiba ya tovuti nzima, uishushe kwenye simu au kompyuta yako, usiiache huko huko ilipo tovuti.

Ukishampata mbaya, mwondoe utafute mbadala unaohudumiwa. Kama ni plagini unayoitegemea sana, WP Rollback inaweza kuirudisha toleo la nyuma, mradi ilitoka kwenye hazina ya WordPress.org. Lakini hiyo ni ya siku mbili tatu tu, msimu upite, kwa sababu matoleo ya zamani yana matundu ambayo wezi wameshayajua. Kwa sababu hiyo hiyo mimi sikubaliani na wale wanaosema "zima apdeti zote, utakaa kwa amani". Na zile themu za wizi za bei ya soda zinazouzwa kwenye magrupu, hizo hazipati apdeti halali kabisa. Siku ikigoma huna wa kumuuliza.

Mimi siku hizi nimeacha plagini ndogo zijisasishe zenyewe. Themu, WooCommerce na ile ya malipo nazisasisha kwa mkono, moja moja, Jumatatu usiku, kwa sababu mizigo yangu inaondoka Alhamisi na Ijumaa. Ikiharibika nina siku mbili za kuhangaika kabla plamsi hazijachumwa. Baada ya kila moja nachukua simu ya mdogo wangu, ile ya kioo kidogo, nafungua menyu, naingia kwenye matunda, naweka kilo moja ya peasi kikapuni na kwenda mpaka ukurasa wa malipo. Inachukua kama dakika tatu na MB kidogo sana.