Kwa Nini Tulihama Jumamosi

Jumamosi ya mwisho ya Julai tulikuwa watu tisa kwenye ngazi za jengo moja hapa Köln, Ujerumani. Ghorofa ya nne, lifti hakuna. Mimi na kaka mmoja wa Mwanza tulikuwa tumebeba mashine ya kufulia, na ukingo wake ulikuwa unanila bega. Dada mmoja wa Kisumu akachomoa kanga kwenye kapu la vyombo, akaisokota, akaizungusha duara, akaniwekea begani. Ngata! Tangu niondoke kijijini kwetu Mbesa, Tanzania, sikuwa nimebeba kitu kwa ngata.

Jioni nilituma picha nyumbani. Mdogo wangu akauliza: "Kaka, Ulaya si kuna kampuni za kuhamisha watu? Kwa nini uwatese rafiki zako, tena wote siku moja?" Swali lake ni zuri, na jibu lina historia ya huku na ya huko kwetu.

Kalenda ya Wajerumani

Mpangaji wa huku akitaka kuondoka, kwa kawaida hutoa taarifa ya miezi mitatu, na mkataba huisha mwisho wa mwezi. Ndiyo maana anayetoka na anayeingia hukutana siku zilezile. Jumapili haifai. Katiba ya Ujerumani inailinda kama siku ya mapumziko, kwa kifungu kilichoandikwa mwaka 1919 na kuchukuliwa tena katika katiba ya 1949. Ukitoboa ukuta siku hiyo, majirani watakuja mlangoni. Kwa wafanyakazi kama sisi, inabaki Jumamosi.

Halafu kuna jiko. Nyumba nyingi hukodishwa bila jiko: hakuna sinki wala makabati, ni mabomba tu yanayotokeza ukutani. Unakuja na lako au unanunua la aliyetoka. Dhamana nayo yaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Ni kama Dar es Salaam, ambako mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita mkononi na dalali anasubiri yake. Ukishalipa hayo yote, fedha ya kampuni ya kuhamisha huna. Una watu.

Wajerumani wenyewe huhama hivyohivyo. Rafiki huja na mikono yake, anayehama hulisha. Sisi tulipika pilau kwenye jiko dogo la umeme tuliloliweka sakafuni, tukala tumekaa juu ya katoni.

Kalenda ya Mbesa

Mbesa iko wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, upande wa kusini kuelekea Mto Ruvuma. Kule kalenda ya kuhama huwekwa na mvua. Zikikatika baada ya Aprili, watu huvuna kwanza. Kufika Juni nyasi za kuezekea zimekauka na tanuru za matofali zinawashwa. Kazi ya korosho haijapamba moto. Hiyo huja kuanzia Oktoba. Kiangazi ndicho kipindi cha kujenga na kuhama.

Mwenye kujenga hupita kwa majirani kuwaambia siku. Wanawake huteka maji na kukandika udongo, wanaume hupandisha miti na kuezeka, naye mwenye kujenga hupika. Huo ndio ujima. Wamatengo wa Mbinga, mkoa huohuo wetu, kazi ya pamoja ya zamu huiita ngokela: leo kwako, kesho kwangu. Halipwi mtu, na hasahauliki mtu. Usipoonekana kwa wenzako, siku yako utaezeka peke yako.

Kuhama kwa amri

Lakini bibi yangu alijua kuhama kwa namna nyingine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi pamoja vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni ya Watanzania walihamishwa. Bibi alisema alifika kwenye kiwanja kipya na mtoto mgongoni na chungu kichwani, mikorosho yake ikabaki mwendo wa nusu siku. Si yeye peke yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, kisha mavuno yakaporomoka kwa miaka mingi, na kutenganishwa kwa wakulima na miti yao ni moja ya sababu.

Linaloniuma ni kwamba Ruvuma ilikuwa imeshaonyesha njia nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakulima wa Litowa, karibu na Songea, walihamia pamoja kwa hiari yao. Vijiji vingine vikawafuata, vikaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Chama tawala, TANU, kilikivunja mwaka 1969. Bibi hakuwahi kulalamikia kazi ya kujenga upya. Alichokikumbuka ni kwamba siku ile kila jirani alikuwa na mzigo wake mwenyewe kichwani, hakuna aliyeweza kumpokea mwenzake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikuwatesa. Kila mmoja wa wale wanane nimeshampandishia kitanda ngazi au kumpakia rangi ukuta, ama zamu yake inakuja. Hapa ugenini hatuna ukoo wa kuuita, na ujima ndio ukoo tuliojitengenezea.

Jumapili jirani wa chini alibisha hodi na mkate na chumvi, zawadi ya Wajerumani kwa anayeingia nyumba mpya. Tuliukata mkate ule na dada wa Kisumu, aliyekuja kuchukua sufuria zake. Kanga aliniachia. Kaka wa Mwanza anahama mwisho wa Agosti, naye ana friji.