Nilimsuta Nisiyemjua

Nimesuta watu wawili maishani. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Ngamiani, Tanga, nami nikiwa na miaka 16. Alimzushia uongo shoga wa mama, na maneno yalipofuatwa nyumba kwa nyumba yakaishia mlangoni kwake. Tukajifunga khanga za sare, tukaenda na ngoma na vigelegele. Akaulizwa mbele ya kadamnasi: umesema, hujasema? Shahidi amesimama pale pale. Akakana, akababaika, akaingia ndani kajifunika ushungi usoni. Sisemi ilikuwa kazi ya huruma. Wapo waliohama mtaa baada ya kusutwa. Lakini mwezi haukuisha nikamkuta uani kwetu, kisu mkononi, akimenya vitunguu vya pilau ya harusi. Hakuna aliyejua kukisia viungo kama yeye. Tungemtupa wapi?

Wa pili nilimsuta kwa kidole gumba, Desemba 2013, nimejilaza kitandani Mbagala. Alikuwa Mmarekani, ofisa uhusiano wa kampuni moja ya New York. Akiwa London anasubiri ndege ya Cape Town, alitupia Twitter utani: anakuja Afrika, asije akapata UKIMWI, kisha akajijibu kwamba anatania, yeye ni mzungu. Wafuasi wake walikuwa kama 170. Akapanda ndege, safari ya saa 11, simu imezimwa.

Mwandishi mmoja wa habari akaudaka utani ule, akawarushia maelfu ya wafuasi wake. Twitter ya siku hizo ilikuwa na orodha ya mada zinazovuma: kinachozungumzwa ghafla na wengi kilisukumwa mbele ya macho mengine zaidi. Ndege iko angani, dunia inaulizana kama ameshatua. Mtu mmoja akaenda kumvizia uwanjani na kamera. Mimi nilikuwa na hasira zangu. Mama mdogo tulimzika 2001 kwa ugonjwa huo huo. Nikaandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kesho yake hana kazi.

Baadaye alieleza kwamba aliwakejeli Wamarekani wenzake wasiojua shida za watu. Huenda. Ila hapakuwa na wa kumuuliza umesema, hujasema. Na kati yetu tuliomrukia, nani alihitaji vitunguu vyake? Ujumbe ulifutwa, skrinishoti zikabaki. Yule mwandishi alimwomba radhi hadharani mwaka uliofuata, naye akiwa ameshaonja kurukiwa kwa utani wake mwenyewe.

Mwaka jana niliutafuta ujumbe wangu, nikaufuta. Ulikuwa umependwa na watu wanne.