Mkanda wa Feni Ukikatika, Zima Kombi Hapo Hapo

Kikundi chetu kina kombi kuukuu ya Volkswagen, ya mwaka 1968. Wengine wanaicheka. Lakini ndiyo inayopeleka mahindi yetu mnadani na wagonjwa wetu hospitali. Mwaka 2009 injini yake ilikufa kwa ajili ya mkanda mmoja tu, na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunampeleka mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa. Njiani taa nyekundu ikawaka. Dereva wetu akasema, "Hiyo ni chaji tu, tutafika." Kwa magari mengi asingekosea sana. Kwa kombi hii alikosea. Tulikwenda mwendo mfupi, injini ikanguruma vibaya, ikanoki. Yule mama alimalizia safari kwenye trekta la watu. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Injini haikupona.

Sasa tuelewe sababu. Kombi hii haina rejeta wala maji. Injini iko nyuma, nayo hupozwa na upepo wa feni. Feni na dainamo vimefungwa kwenye chuma kimoja, na mkanda mmoja huvizungusha vyote viwili. Mkanda ukikatika, dainamo inasimama, taa inawaka. Na feni je? Nayo imesimama! Kwa hiyo taa ile haisemi habari za betri peke yake. Inasema injini inaungua. Zima hapo hapo, hata kama ni usiku na mko porini. (Hizi ni kombi za kabla ya mwaka 1972. Baadhi ya zilizofuata, feni yake imefungwa mahali pengine.)

Tangu siku ile hatutoki bila mkanda wa akiba, spana ya 21 na bisibisi kubwa bapa. Kubadili mkanda hakuhitaji kumwita fundi. Subiri injini ipoe. Pulei ya dainamo ina vipande viwili, na kipande cha ndani kina mkato. Ingiza bisibisi kwenye mkato huo, iegemeze kwenye bolti ya dainamo, ili pulei isizunguke. Fungua nati, toa kipande cha nje. Katikati utakuta washa nyembamba kadhaa. Zihesabu, usizitupe! Hizo ndizo zinazokaza au kulegeza mkanda. Ukipunguza washa za katikati, vipande vya pulei vinakaribiana na mkanda unakaza. Ukiongeza, unalegea. Zinazobaki zivalishe nje, chini ya nati, zisipotee. Kisha bonyeza mkanda kwa kidole gumba. Uingie kama milimita 15. Mkanda mpya hulegea kidogo, basi upime tena baada ya safari za mwanzo.

Oili ni lita 2.5 tu, kwa hiyo huchafuka upesi. Ukiimwaga, safisha na lile chujio la waya lililo chini ya injini, uweke gasketi mpya. Valvu tunazipima injini ikiwa baridi kabisa, tena asubuhi, kwa fila ya milimita 0.15, spana ya 13 na bisibisi.

Spea bado zinauzwa. Ujerumani iliacha kuunda kombi za umbo hili mwaka 1979, lakini Brazil iliendelea mpaka 2013. Ila vipimo vilibadilika mara nyingi. Ukienda dukani chukua kile kilichoharibika mkononi, na uandike mwaka wa gari. Sisi tuliwahi kurudi na mkanda mrefu kupita kiasi, nauli ikapotea bure.

Kitu kingine cha kuweka akiba ni mpira wa petroli. Bei yake ni ndogo, lakini ukipasuka petroli inadondokea injini ya moto, na kombi nyingi zimeteketea hivyo. Ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa, ubadili siku hiyo hiyo. Wetu tunaubadili kila mwaka, kabla ya kuanza kubeba mahindi.