Mwafaka katika Upangaji wa Shughuli za Pamoja za Ushirika wa Wazazi: Muktadha wa Mchafukoge, Dar es Salaam

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inaagiza kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule aandikishwe na kuhudhuria shule ya msingi. Kwa hiyo, ushirika wa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani una nafasi finyu nchini Tanzania, na uwanja wake mpana zaidi ni shughuli za nje ya saa za shule: ziara ya Makumbusho ya Taifa, michezo katika viwanja vya Mnazi Mmoja, au usomaji wa pamoja.

Upangaji wa shughuli hizo kwa mwafaka hutofautiana na upigaji kura. Nyerere aliieleza demokrasia ya Kiafrika kuwa ni mazungumzo ya wazee hadi wakubaliane. Wiredu (1995) anafafanua kwamba mwafaka haudai watu wote wafikiri sawa. Unadai wakubali tendo moja. Tofauti hiyo ina uzito Mchafukoge, ambako mzazi mwenye duka Kariakoo na mzazi aliyeajiriwa ofisini hawana siku moja ya mapumziko. Kura ya wengi huenda ikachagua Jumamosi, na mtoto wa mfanyabiashara akakosa ziara.

Hata hivyo, mwafaka nao una hatari yake. Mzazi asiyemudu nauli huweza kunyamaza kwa kuona haya, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ridhaa. Kwa sababu hiyo, gharama hazina budi kutajwa kabla ya uamuzi, kila mzazi aulizwe faraghani kinachomzuia, na pingamizi lijibiwe kwa kurekebisha mpango. Bila hatua hizo, kinachoitwa mwafaka huwa ni uamuzi wa wenye uwezo peke yao.