DALILI YA MVUA NI MAWINGU: FIGO, DAMU NA MOYO WA MTOTO

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika makala haya ningependa kukueleza juu ya mawingu yasiyoonekana kwa macho, yaani yale yanayojikusanya ndani ya damu ya mtoto mwenye ugonjwa wa figo. Mvua yenyewe huja kunyesha moyoni.

Wengi wetu tukisikia kuwa mtoto fulani anaugua figo, tunafikiria mkojo na uvimbe tu. Kumbe kwa watoto ambao figo zao zimeshindwa kabisa, ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi! Mwaka wa 2006, Shirika la Moyo la Marekani liliwaweka watoto wenye ugonjwa sugu wa figo katika kundi la hatari ya juu kabisa ya kuugua moyo mapema. Swali ni hili: figo ziko kiunoni, moyo uko kifuani, sasa vimekutania wapi?

Hebu tukumbushane kidogo tuliyosoma kidato cha pili katika somo la bayolojia. Kila figo ina nefroni milioni moja hivi. Damu inayosukumwa na moyo, karibu sehemu moja kwa tano huelekea kwenye figo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili tu ndizo zinazotoka kama mkojo. Fauka ya hayo, figo husaidia kuongoza presha ya damu, husawazisha chumvi mwilini, na hutoa homoni inayouamrisha uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Basi figo na moyo ni majirani wanaochota maji katika kisima kimoja. Mmoja akikichafua, mwenzake atayanywa machafu.

Mtoto hupataje ugonjwa huu? Wengine huzaliwa na njia ya mkojo iliyoziba. Wengine figo zao huvuja protini, wakafura uso na miguu. Wengine huanza na kidonda cha koo au vidonda vya ngozi vilivyoletwa na bakteria. Wiki chache baadaye uso unavimba asubuhi na mkojo unageuka rangi kama chai ya strungi. Wengi wa hawa wa mwisho hupona, lakini ni lazima wafuatiliwe na daktari.

Sasa tuingie maabara. Mtoto akidungwa sindano na damu ikachukuliwa, ni mambo gani yanayotafutwa?

Kwanza ni kreatinini. Hii ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo huitoa nje. Ikizidi katika damu, ujue chujio limeziba. Lakini kuna mtego hapa. Mtoto ana misuli midogo, kwa hivyo namba iliyo sawa kwa mtu mzima yaweza kuwa mbaya kwake. Ndiyo sababu daktari humpima mtoto urefu kwanza. Kuna kanuni ya daktari mmoja Mmarekani aitwaye Schwartz, iliyorekebishwa mwaka wa 2009: chukua urefu kwa sentimita, zidisha kwa 0.413, kisha gawanya kwa kreatinini. Mtoto wa sentimita 120 mwenye kreatinini ya miligramu 1.0 kwa desilita atapata 50 hivi. Figo nzima zinafaa kupita 90. Yaani nguvu ya figo zake imebaki karibu nusu, ilhali namba hiyo hiyo ya 1.0 kwa mwanamume mzima haishtui mtu! Wale wanaouliza hesabu itatusaidia wapi maishani, jibu moja ndilo hilo.

Pili ni hemoglobini. Figo zikidhoofika, ile homoni ya kuamrisha uboho hupungua na damu hupungua pia. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 12 hadi 14 aliye chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu. Damu ikiwa hafifu, moyo hulazimika kupiga mbio ili oksijeni ifike kila mahali. Presha nayo ikipanda, moyo unafanya kazi mbili. Msuli wake unakuwa mnene na mgumu, na unene huu si wa afya. Ni kama hamali anayebebeshwa gunia juu ya gunia.

Tatu ni fosfeti na kalsiamu. Figo mbovu hushindwa kuitoa fosfeti. Ikizidi, tezi ndogo zilizo shingoni hutoa homoni nyingi inayoitwa parathiroidi, na homoni hiyo hunyonya kalsiamu kutoka mifupani. Matokeo yake, mifupa hudhoofika, nayo mishipa ya damu hugeuka migumu. Seli za misuli zilizo katika ukuta wa mshipa huanza kufanya kazi kama seli za mfupa! Mshipa unaofaa kunyumbuka kama mpira unakuwa kama bomba la chuma.

Nne ni potasiamu. Hii ndiyo ya haraka zaidi. Ikipita kiasi, mapigo ya moyo huvurugika na moyo waweza kusimama ghafla, hata kama mtoto alikuwa akizungumza vizuri asubuhi.

Tano ni albumini na kolesteroli. Figo zikivuja protini, albumini hupungua katika damu. Ini likijaribu kuziba pengo hilo, hutengeneza mafuta mengi pia, na kolesteroli hupanda hata kwa mtoto ambaye hajui chipsi wala nyama choma. Mafuta hayo yakikaa miaka mingi huharibu mishipa.

Labda utasema, "Aa, hayo ni maneno ya wazee, mtoto atakua yatoke." La hasha. Mwaka wa 2000, madaktari wa Los Angeles kule Marekani walitoa utafiti juu ya vijana 39 waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine. Waliipiga picha mishipa ya mioyo yao. Katika wale 23 waliokuwa chini ya miaka 20, hakuna aliyeonekana na chokaa mishipani. Katika wale 16 wa miaka 20 hadi 30, waliokutwa nayo ni 14! Hebu tafakari. Kwa picha, utoto ulionekana safi, kisha ujanani mambo yakaharibika kwa kishindo. Mawingu yalianza kutanda mapema, na damu ndiyo ingeyasema kabla ya picha.

Hata hivyo, msikate tamaa. Mwaka wa 2009 ulitolewa utafiti wa Ulaya uliofuatilia watoto 385 wa miaka 3 hadi 18 kwa miaka mitano. Wote walipewa dawa moja ya presha, lakini kundi moja presha yao ilishushwa zaidi. Katika kundi hilo, watoto 30 hivi kati ya kila 100 figo zao zilishuka nguvu kwa nusu au zikafa. Katika kundi la pili walikuwa 42. Maana yake ni kuwa mashine ya kupimia presha, ile ya kufungwa mkononi, yaweza kuokoa figo na moyo kwa pamoja.

Je, sisi wanafunzi tufanye nini? Kidonda cha koo kisichopoa kipelekwe kwa daktari, na dawa zimalizwe zote. Uso ukivimba asubuhi au mkojo ukibadilika rangi, usingoje wala usiseme umelogwa. Kipimo cha mkojo ni cha haraka. Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni ovyo ovyo, kwa maana huumiza figo. Naye aliye na ugonjwa huu asiache kliniki eti kwa sababu uvimbe umeisha. Uvimbe waweza kuisha na fosfeti ikabaki juu. Juu ya chakula, amsikilize daktari wake, kwani hata ndizi na parachichi, vyakula vizuri kwetu, vina potasiamu nyingi.

Jambo la mwisho ni letu sote. Mwenzetu akija shuleni amefura mashavu, huenda ni figo au ni dawa anazotumia. Tukimpa majina ya kumcheka, ataona haya na kuacha dawa ili mashavu yapungue, kumbe tumemsukuma shimoni. Akikosa masomo siku ya kliniki, tumpe daftari anakili.

Siku ya Figo Duniani huadhimishwa kila mwaka Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi. Chama chetu kikiipatia nafasi gwarideni siku hiyo, hata dakika tano zitatosha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo, ndugu msomaji, hauna fundi wa kuujenga upya. Kwaheri ya kuonana.